Mafuta ya kupulizia: lebo inasema 0, mzani wangu unasema gramu 4

#1 MzaniHaudanganyi

Wakuu, salaam.

Mama yangu ameambiwa na daktari apunguze mafuta. Ndugu mmoja akamletea zawadi ya kopo la mafuta ya kupulizia, yale unayobonyeza kichwani yakatoka kama ukungu. Mbele ya kopo kumeandikwa kwa herufi kubwa: kalori 0. Nyuma, kwenye jedwali la lishe: mafuta gramu 0. Ukishuka hadi kwenye viambato, kitu cha kwanza kabisa ni mafuta ya kanola. Mama akavaa miwani, akasoma, akaivua, akaniuliza: "Haya mafuta yasiyo na mafuta yamekamuliwa kwenye nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikatoa mzani wa jikoni, nikaweka kikaango kitupu, nikaurudisha sifuri, nikapuliza sekunde 5 kwa saa ya simu. Kikaango kikaongezeka gramu 4. Kopo lenyewe nililipima kabla na baada: limepungua gramu 6.

Sasa nina maswali mawili. Hiyo 0 wameipata wapi wakati gramu 4 naziona kwa macho? Na zile gramu 2 zilizotoka kwenye kopo lakini hazikufika kwenye kikaango, zimekwenda wapi?

Viambato nimevinakili kama vilivyo: mafuta ya kanola, lesithini ya soya, dimethilipolisiloksani (hili nimelisoma kwa vituo), gesi ya kusukumia. Gesi gani, hawakusema.

#2 KimyaKingi

Navuta kiti. Endeleeni.

#3 MbishiHalali

Hawakusema kwa sababu wangesema usingeligusa. Ni butani na propani, mkuu. Ileile ya kuwashia jiko na ya kujazia viberiti vya gesi. Gramu 2 zako mama ameshazila na yai. Lipeleke kopo hilo kwa fundi baiskeli likalainishe mnyororo.

#4 LisheNaMaisha

Mbishi, taratibu. Gesi tutaifikia. Nianze na hiyo 0, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kopo lako bila shaka limeandikwa kwa kufuata kanuni za Marekani. Kule lebo haihesabu kopo zima, inahesabu kipimo kimoja cha mtumiaji. Kwa mafuta ya kupulizia kipimo hicho kimewekwa kuwa gramu 0.25. Geuza kopo usome maandishi madogo, utakuta wameandika kitu kama "puliza kwa robo sekunde" au "theluthi ya sekunde". Kanuni hizohizo zinasema mafuta yakiwa chini ya gramu 0.5 kwa kipimo, unaruhusiwa kuandika 0. Kalori zikiwa chini ya 5, vilevile unaandika 0. Robo gramu ya mafuta ina kalori 2 na kitu. Basi, sifuri imezaliwa hapo, tena kwa mujibu wa sheria.

Robo sekunde ni nini? Sema "mama". Hujamaliza neno, muda umekwisha. Sijawahi kumwona mtu jikoni akipuliza robo sekunde. Hata kidole hakiwezi kuachia haraka hivyo.

Kopo la gramu 170 kwa hesabu hiyo linatoa vipimo 680. Kila kipimo ni 0, na 0 mara 680 bado ni 0, lakini kopo limejaa mafuta hadi shingoni. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu waangalie mstari wa viambato kwanza. Kanuni inataka kiambato kilicho kizito kuliko vingine kitangulie, na hapo mwenye kopo hana ujanja.

Wenye makopo yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya wana nafuu. Sheria ya huko inalazimisha kuonyesha lishe kwa kila gramu 100 au mililita 100, hata kama pembeni wameongeza safu ya "kwa mpulizo mmoja". Safu ya gramu 100 ndiyo ya kusoma. Ukikuta mafuta gramu 90 na ushee, ujue umeshika chupa ya mafuta iliyovaa bati.

Hesabu ya mama sasa: gramu 4 za mafuta ni kama kalori 36. Kijiko kikubwa cha mafuta ni gramu 14 hivi, kalori 120. Kwa hiyo hata akipuliza sekunde 5 bado amekula chini ya theluthi ya kijiko. Kopo linasaidia kupunguza, sikatai. Ninachokataa ni ile sifuri, kwa sababu mtu akishaamini ni sifuri, anapuliza mpaka kikaango kinang'aa, halafu anapuliza juu ya chakula tena.

#5 MzaniHaudanganyi

Dada Lishe, umeniona kupitia dirishani? Mama anapuliza kama anafukuza mbu. Nilipomwambia robo sekunde akacheka mpaka akakaa chini.

Swali la pili bado. Gramu 2.

#6 FundiKopo

Hapo nipisheni. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye mtambo wa kujaza makopo ya mpulizo. Yetu yalikuwa ya rangi, si ya chakula, ila kanuni ya kopo ni moja.

Ndani ya kopo gesi haikai kama hewa kwenye tairi. Butani, isobutani na propani zikibanwa kidogo tu zinakuwa kimiminika, na zikiwa hivyo zinachanganyika na mafuta. Ukitikisa kopo unasikia kimiminika kinagonga, humo mna vyote viwili. Juu yake pana nafasi ndogo ya mvuke unaosukuma chini. Ukibonyeza, mchanganyiko unapanda kwenye mrija na kutokea puani. Sasa angalia digrii: propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, isobutani kama 12 chini ya sifuri, butani nusu digrii chini ya sifuri. Ikitoka tu kwenye hewa ya kawaida inachemka palepale. Kuchemka huko ndiko kunakopasua mafuta yakawa ukungu. Pua ya kopo inafanya nusu ya kazi, nusu nyingine inafanywa na gesi inayokimbia.

Ushahidi unao mkononi. Puliza sekunde 10 mfululizo kisha shika kopo. Limekuwa baridi, wakati mwingine linatoa jasho kwa nje. Ni kwamba gesi ikigeuka mvuke inachukua joto la kopo.

Kwa hiyo gramu 2 zako: sehemu kubwa ni gesi iliyopotelea hewani, iliyobaki ni ukungu mwembamba wa mafuta ulioruka pembeni. Pitisha kidole mezani kuzunguka mahali ulipopimia.

#7 MzaniHaudanganyi

Nimepitisha. Kunateleza. Hadi kwenye mpini wa kabati.

#8 FundiKopo

Na sakafu je? Wengi wanaanguka hawajui kwa nini. Pulizia juu ya sinki.

Kuhusu Mbishi: ni kweli ni jamaa ya gesi ya jiko. Lakini si kila kopo linatumia hiyo. Yapo yanayotumia kaboni dayoksaidi, yapo ya naitrasi oksaidi (ileile ya kuumulia krimu), ya naitrojeni, na ya hewa iliyobanwa. Kwenye lebo za Ulaya zina namba: E943a ni butani, E943b ni isobutani, E944 ni propani, E942 ni naitrasi oksaidi, E941 ni naitrojeni, E290 ni kaboni dayoksaidi. Marekani wengi wanaandika tu "gesi ya kusukumia" na kuishia hapo, nami naona ni uvivu. Mtu ana haki ya kujua.

Zamani zilitumika zile gesi za klorofluorokaboni zilizotoboa tabaka la ozoni. Marekani ilizipiga marufuku kwenye makopo mengi ya mpulizo mwaka 1978, Mkataba wa Montreal ukafuata 1987. Hizi hidrokaboni, yaani butani, propani na ndugu zao, ndizo zilizochukua nafasi. Haziharibu ozoni, lakini zinashika moto. Ndiyo biashara waliyofanya.

#9 MbishiHalali

Sawa, inachemka, inakimbia. Yote? Haibaki hata chembe kwenye yai?

#10 MwanaKemia_Mstaafu

Chembe ndogo sana inaweza kubaki imeyeyuka kwenye mafuta kwa muda mfupi, mwanangu. Ukiweka kikaango motoni, hata hiyo inaondoka kabla yai halijaguswa. Anayepulizia kitu kisichopikwa, mathalani kibati cha kugandishia kitindamlo, akiache dakika moja kikae wazi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inazihesabu propani na butani kuwa salama kwa matumizi haya, kwa sababu zenyewe mwilini hazina la kufanya kwa kiasi hicho.

Nimefundisha kemia muda mrefu na bado nawaona watu wakiogopa jina. "Gesi ya jiko" inatisha kwa sababu ya jiko. Iogope kwa sababu hiyohiyo: inawaka. Usiiogope kwa sababu ya tumbo.

#11 Binti_wa_Jikoni

Mzee wangu shikamoo, na hilo la kuwaka nina kovu lake.

Kikaango kilikuwa kwenye jiko la gesi, moto juu, kimeanza kutoa moshi. Nikakumbuka sijatia mafuta. Nikachukua kopo, nikapuliza kutoka umbali wa mkono. Sikuona mwali ukienda, niliuona ukirudi. Ulifuata ukungu kutoka ukingo wa kikaango hadi karibu na vidole, ukazima nilipoachia. Haikufika sekunde. Vinyweleo vya mkono wa kulia viliisha, harufu yake naikumbuka hadi leo, na kidole cha shahada kilitoa lengelenge. Kilichoniokoa ni kwamba niliachia kitufe. Rafiki yangu aliyekuwa pembeni alisema nilipiga kelele kabla mwali haujatokea, mimi sikumbuki.

Na kopo ndilo lililokuwa linakaa pembeni mwa jiko, karibu na chumvi, kwa miezi.

#12 FundiKopo

Pole sana bibie. Hilo la pembeni mwa jiko ndilo baya kuliko yote. Kopo limeandikwa lisipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Bati lililo kando ya moto linafika hapo bila wewe kujua, presha ndani inapanda, mshono unaachia. Likipasuka linamwaga mafuta na gesi kwa pamoja, na moto uko palepale. Hata likiisha usilitoboe wala kulitupa kwenye moto wa taka. Ndani bado kuna kitu.

Puliza kikaango kikiwa baridi, nje ya moto, kisha ndipo ukiweke jikoni. Ina faida nyingine pia: matone madogo juu ya bati la moto yanaungua upesi kuliko mafuta ya kumwaga, yanakuwa machungu kabla chakula hakijaingia.

Niongeze moja nimalize. Wapo vijana wanaovuta gesi ya makopo kwa makusudi. Butani ikivutwa kwa wingi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mtu akafa hapohapo, hata mara ya kwanza. Wenye vijana nyumbani wasiyachukulie makopo haya kama chumvi tu.

#13 KimyaKingi

Mimi swali dogo. Kama ni mafuta tu, kwa nini nisiyatie kwenye chupa yangu ya kupulizia, ile ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi? Nimejaribu, inatoa mstari kama bomba, na yai linaganda vilevile.

#14 MwanaKemia_Mstaafu

Kwa sababu si mafuta tu. Kinachozuia yai lisigande hasa ni lesithini.

Lesithini ni mafuta yenye kichwa na mkia. Mkia unapenda mafuta, kichwa kinapenda maji. Jina lake limetoka kwa Kigiriki, *lekithos*, kiini cha yai, kwa kuwa huko ndiko ilikotambuliwa kwanza. Leo hutolewa zaidi kwenye soya kwa kuwa ni rahisi. Ukiipaka kwenye bati, inajipanga kati ya chuma na chakula kama safu ya askari, protini ya yai inakosa pa kushika. Mafuta matupu hukusanyika visiwa visiwa, katikati ya visiwa kuna bati tupu, na yai linashika hapo. Lesithini inayatandaza mafuta yawe zulia jembamba. Ndiyo sababu gramu 1 ya kopo inafanya kazi ambayo mafuta ya kawaida yangehitaji kijiko.

Wamarekani wawili, Leon Rubin na Arthur Meyerhoff, ndio walioitoa sokoni kwa jina la PAM mwaka 1961. Jina hilo ni ufupisho wa Kiingereza wa "bidhaa ya Arthur Meyerhoff". Watu wengi hudhani ni jina la mke wa mtu.

Sasa lile neno refu. Dimethilipolisiloksani ni silikoni, mafuta mazito yasiyo na ladha, yanayozuia povu. Kwenye kopo kazi yake ni hiyo tu, kutuliza povu la lesithini. Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mafuta ni miligramu 10 kwa kilo. Ndugu yake wa karibu ni simethikoni, dawa ya kuondoa gesi tumboni inayouzwa bila cheti cha daktari, kidonge kimoja mara nyingi kina miligramu 80. Ili mtu apate kiasi hicho kutoka kwenye mafuta, inabidi anywe kilo 8 za mafuta. Silikoni itakuwa ya mwisho katika matatizo yake.

#15 SautiYaUtumbo

Mzee anazungumza kama muuzaji. Viyeyushi hivi vya kuchanganya mafuta na maji vinaharibu ukuta wa utumbo, iko kwenye utafiti. Lesithini ni mmojawapo. Fungua macho.

#16 LisheNaMaisha

Utafiti unaouzungumzia naujua. Ulichapishwa 2015, ulifanywa kwa panya, na viambato vilivyopimwa vilikuwa viwili: kaboksimethiliselulosi na polisobeti 80. Panya walipata uvimbe wa utumbo na bakteria wao wakabadilika. Ni jambo la kufuatilia kwa makini na mimi nalifuatilia. Lakini lesithini haikuwemo kati ya hivyo viwili. Lesithini unaila kwenye kila yai, iwe umepuliza au hujapuliza.

Ukitaka kuikimbia, kimbia na mayai pia.

#17 SautiYaUtumbo

Ya yai ni ya asili, ya kopo imetengenezwa kiwandani. Tofauti kubwa.

#18 LisheNaMaisha

Ya soya inatolewa kwenye mafuta ghafi ya soya kwa kuyachanganya na maji ili itengane. Molekuli ni za jamii ileile. Nakubali nawe jambo moja: anayekula vyakula vya pakiti asubuhi hadi usiku anakusanya vitu hivi kutoka sehemu nyingi. Lakini basi tatizo lake halianzii kwenye kikaango.

#19 BabaMapacha

Mmepita juu ya jambo ambalo kwetu ni la kufa na kupona. Mmoja wa watoto wangu ana aleji ya soya. Lesithini ya soya inasafishwa lakini inaweza kubaki na chembe za protini. Daktari wetu alituambia wengi wenye aleji hii wanaivumilia, ila kwa mtoto wetu tusijaribu. Tatizo ni kwamba mbele ya kopo wameandika "mafuta ya zeituni" na picha ya tawi, ukigeuza nyuma kuna lesithini ya soya. Nilishalinunua mara moja, mke wangu ndiye aliyegundua kabla halijafunguliwa. Zipo zenye lesithini ya alizeti, ndizo tunazotafuta.

#20 MamaKeki

Baba Mapacha ahsante, ngoja niongezee la ngano. Kuna makopo ya kuokea ambayo ndani yake wametia unga, ili kibati kipakwe mafuta na unga kwa mpulizo mmoja. Kopo linafanana na la kawaida kwa umbo na rangi. Mteja asiyekula ngano ukimwokea keki ya unga wa mchele halafu ukapuliza kibati kwa kopo hilo, umemharibia. Mimi nimeyatenga kabisa, lenye unga lina mpira mwekundu shingoni.

Kwa vibati vyenye mikunjo, ile ya duara yenye shimo katikati, hakuna kinachoshinda kopo. Brashi haifiki kwenye kona. Ninayo na sitaacha.

Lakini vikaango! Jamani msipulize kwenye vikaango vya teflon. Nimeua viwili. Miezi ya kwanza yai linateleza, unafurahi. Halafu unaona ukingoni, pale chakula kisipofika, utando wa rangi ya asali. Ukigusa unanata. Ukiosha hautoki. Baada ya muda unaingia katikati, na kikaango kisichogandisha kinaanza kugandisha kuliko sufuria ya bati. Unaongeza kupuliza, unanata zaidi. Nilidhani nimeuziwa kikaango feki hadi niliposoma karatasi yake, imeandikwa wazi: usitumie mafuta ya kopo la mpulizo.

#21 MwanaKemia_Mstaafu

Umeeleza vizuri mama. Ni lesithini na matone madogo ya mafuta yanayopigwa joto mara kwa mara bila kufunikwa na chakula. Yanaungana, yanakuwa kama vanishi. Kwa kikaango cha chuma utando wa namna hiyo tunautafuta, kwa teflon ni msiba. Kapu la kikaangio cha hewa moto nalo ni hivyohivyo, likiwa limepakwa teflon.

Kabla hujatupa: tengeneza uji mzito wa bikaboneti ya soda na maji, paka penye utando, acha nusu saa, sugua kwa sponji laini. Usitumie steelwire, utaondoa utando na teflon yenyewe. Kama umeshakuwa kahawia iliyokolea, sikuahidi.

#22 MbishiHalali

Kwa hiyo tumbo salama, kikaango kinakufa. Hata mimi sikutegemea uzi ungefika huku. Na zile zenye ladha ya siagi?

#23 LisheNaMaisha

Hazina siagi, ni ladha. Hapo kuna historia isiyopendeza. Kitu kimoja kinachotoa harufu ya siagi kinaitwa diasetili. Mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, iligundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bisi za maikrowevu walikuwa wameharibika mapafu, njia ndogo za hewa zimeziba kwa makovu yasiyorudi nyuma. Walikuwa wanavuta mvuke wa ladha hiyo kila siku kwenye vyumba vya kuchanganyia. Kuila si tatizo lililoonekana. Kuivuta ndiko. Watengenezaji wengi wakaiondoa baada ya hapo.

Naleta hili kwa sababu moja: kitu kilicho salama mdomoni hakiwi salama kwenye mapafu kwa sababu tu ni chakula. Mafuta yenyewe yakivutwa kama ukungu kwa muda mrefu yanaweza kuleta nimonia ya mafuta. Mtu wa nyumbani anayepuliza mara moja kwa siku simtishi. Mpishi wa hoteli anayepuliza trei mia moja kwenye chumba kisicho na feni ya kutolea moshi, huyo nitamwambia avae barakoa. Mwenye pumu naye apulize akiwa amegeuza uso na dirisha liko wazi, au aache.

#24 Binti_wa_Jikoni

Basi mbadala ni nini? Mimi tangu siku ile kopo silisogelei.

#25 FundiKopo

Yako matatu, bibie.

Kuna chupa ya pampu, unaijaza mafuta yako, unabonyeza. Haina gesi wala lesithini. Matone yake ni makubwa na pua inaziba isipooshwa kwa maji ya moto, mafuta ya zamani yanakauka mle na kuchacha.

Kuna za pampu za dukani zenye maji ndani, zinatoka nyeupe kama maziwa. Hapo kalori chache ni za kweli kwa sababu sehemu ya unachopuliza ni maji, pamoja na lesithini, wakati mwingine alkoholi na kitu cha kuufanya mchanganyiko uwe mzito. Zinarusha cheche za maji kikaango kikiwa cha moto.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kama fundi: kopo lenye mfuko ndani. Mafuta yanakaa kwenye mfuko uliofungwa, hewa iliyobanwa au naitrojeni inakaa nje ya mfuko, kati yake na bati. Ukibonyeza, hewa inakamua mfuko kama unavyokamua dawa ya meno. Gesi haitoki na mafuta. Kwenye viambato mara nyingi utakuta neno moja tu, aina ya mafuta. Tikisa, hulisikii likigonga. Bado ni kopo lenye presha na ukungu wa mafuta bado unaweza kushika moto, kwa hiyo jiko ni mbali vilevile.

Mwenye uzi, kama una mzani, lipime hilo la mfuko. Nabashiri hesabu itafunga.

#26 MzaniHaudanganyi

Fundi, imechukua wiki kulipata, ila nimerudi na majibu. Viambato: mafuta ya parachichi. Nukta.

Sekunde 5, kikaango kilekile, juu ya sinki safari hii. Kopo limepungua gramu 5. Kikaango kimeongezeka gramu 5. Nimerudia mara tatu, mara moja ikatofautiana gramu 1. Kopo halikupata baridi hata kidogo. Matone yake ni makubwa, hayakuruka pembeni, lakini yai la kwanza liliganda kwenye ukingo. Mzee MwanaKemia, naona askari wako walikosekana.

Halafu mama aliyekuwa anatuangalia akasema tumsogezee mzani. Akatia tone la mafuta ya chupa kwenye kikaango, akakunja kipande cha karatasi ya jikoni, akapaka kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje, hadi kwenye kuta. Gramu 2. Yai likatoka zima.

#27 MbishiHalali

Gramu 2 na karatasi umeitoa?

#28 MzaniHaudanganyi

Nimeitoa. Karatasi yenyewe imenywa karibu gramu 1, nimeipima pia. Mama anauliza kama huna kazi.

#29 MbishiHalali

Mwambie shikamoo. Kopo la kwanza mmelipeleka wapi?

#30 MzaniHaudanganyi

Marahaba anasema. Liko rafu ya juu chumba cha stoo, mbali na jiko. Limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya ile 0: "VIBATI VYA KEKI TU".